Historia ya Kutunza Nyusi Zilizochanjwa

Uchanjaji wa nyusi, unaojulikana saluni kwa jina la maikrobledi, ni kazi ya kuchora nywele za nyusi ndani ya ngozi. Mchoraji hushika mpini mdogo wenye safu ya sindano nyembamba, huzichovya sindano hizo katika rangi, kisha huchanja chale fupi zinazofuata mwelekeo wa nywele za asili. Chale hupenya safu ya juu ya ngozi na kugusa safu ya ndani, na huko ndiko rangi inakobaki kwa mwaka mmoja hadi mitatu hivi. Mteja huinuka kitini akiwa na vidonda vingi vidogo juu ya macho yake. Sura ya mwisho ya nyusi hutegemea jinsi vidonda hivyo vitakavyopona, kwa hiyo historia ya kazi hii haitengani na historia ya kutibu majeraha.

Maagizo ya kutunza jeraha la unyusi ni ya kale mno. Hati ya mafunjo ambayo Mmarekani Edwin Smith aliinunua Luxor, Misri, mwaka 1862, iliandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, na inaeleza visa 48, vingi vikiwa vya majeraha. Kisa cha 10 kinahusu jeraha la unyusi lililofika mfupani. Tabibu anaelekezwa kulishona, kulifunga kwa nyama mbichi siku ya kwanza, kisha kulitibu kwa mafuta na asali kila siku mpaka mgonjwa apone. Sayansi ya leo inaona sababu ya tiba hiyo kufaa: sukari nyingi iliyomo katika asali hunyonya maji na kuwazuia bakteria kuzaana, nayo mafuta huzuia kitambaa kisigandie kwenye kidonda.

Kutia rangi katika ngozi ni desturi ya kale kuliko hati hiyo. Mwili wa mtu aliyeishi miaka 5,300 hivi iliyopita, uliopatikana mwaka 1991 katika barafu ya milima ya Alps, una michoro 61 iliyotiwa kaboni. Katika Afrika Mashariki, Wamakonde wa nyanda za juu za Newala, Tanzania, na za Mueda, Msumbiji, walikuwa na mafundi wa chale waliochanja uso na mwili kwa kisu kidogo, kisha wakasugua mkaa wa mbegu za mbarika ndani ya chale hizo. Ngozi ilipofunga, mkaa ulionekana kwa rangi ya buluu iliyokoza. Mara nyingi kazi ilirudiwa baada ya kidonda kupona, ili mchoro ukolee. Kanuni hiyo ya kuchanja, kusubiri ngozi ipone na kurudia palipofifia ndiyo inayofuatwa na wachoraji wa nyusi hadi leo.

Japani iliendeleza njia yake ya mkono, inayoitwa tebori, ambayo hutumia sindano kadhaa zilizofungwa kwenye ncha ya mpini. Serikali ilipiga marufuku uchoraji wa ngozi mwaka 1872, na katazo hilo likaondolewa mwaka 1948. Kifaa cha maikrobledi kinafanana na vifaa vya aina hiyo: hakina mota, na kina cha chale hutegemea mkono wa fundi. Marekani ilifuata njia nyingine pale Samuel O'Reilly wa New York alipopewa hataza ya mashine ya umeme ya kuchora ngozi mwaka 1891.

Wakati huohuo tiba ya majeraha ilikuwa inabadilika kwa kasi. Mwaka 1867 Joseph Lister, daktari wa upasuaji wa Glasgow, alichapisha matokeo ya kutumia asidi ya kaboliki kuua vijidudu vidondani, na usafi wa vifaa ukaanza kuhesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Mwaka 1872 Robert Chesebrough alipata hataza ya Marekani ya mafuta mazito aliyoyaita Vaseline, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa kinga ya ngozi iliyojeruhiwa, ikiwemo iliyochorwa.

Elimu hiyo ilichelewa kufika kwa wachoraji wa ngozi. George Burchett, mchoraji mashuhuri wa London aliyefariki mwaka 1953, alieleza kwamba baadhi ya saluni za urembo ziliwachora wanawake rangi ya kudumu usoni zikiita kazi hiyo tiba ya ngozi, nao wateja hawakuambiwa ukweli. Mtu asiyejua kwamba amechanjwa hawezi kukitunza kidonda chake. Katika miji mingi sindano zilitumiwa kwa mtu zaidi ya mmoja, na mwaka 1961 jiji la New York lilipiga marufuku uchoraji wa ngozi kwa hofu ya homa ya ini aina ya B. Marufuku hayo yalidumu hadi mwaka 1997.

Badiliko kubwa katika utunzaji lilitokana na utafiti ambao haukuhusu urembo hata kidogo. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kidonda kinapaswa kupigwa na hewa na kukauka. Mwaka 1962 George Winter, mtafiti wa London, alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio alilofanya kwa nguruwe. Vidonda vingine aliviacha wazi vikauke, na vingine alivifunika kwa utando mwembamba wa plastiki. Vilivyofunikwa viliota ngozi mpya kwa kasi inayokaribia mara mbili. Sababu ni kwamba seli mpya husogea kwa urahisi juu ya sehemu yenye unyevu, ilhali chini ya kigaga kikavu hulazimika kujipenyeza kutafuta njia. Mwaka uliofuata matokeo kama hayo yalipatikana kwa binadamu.

Vipodozi vya kudumu viliingia katika maandishi ya kitabibu mwaka 1984, pale Giora Angres, daktari wa macho wa Marekani, alipoeleza njia ya kutia rangi kwenye kingo za kope. Maikrobledi ilienea Ulaya na Marekani katika miaka ya 2010, na sasa inafanywa pia katika saluni za Nairobi na Dar es Salaam. Wachoraji hawakubaliani kikamilifu juu ya utunzaji. Wapo wanaotaka nyusi zikae kavu, wapo wanaoagiza marhamu nyepesi, na wapo wanaofunika kwa utando kwa siku chache. Hata hivyo, wote hukataza kupaka mafuta mengi, kwa kuwa kidonda kinacholowa muda wote hulainika kupita kiasi na vigaga vyake hutoka kabla ya wakati.

Uponaji wenyewe huenda kwa hatua. Siku ya kwanza majimaji hutoka, nayo hufutwa kwa shashi safi ili yasigande kuwa kigaga kinene. Siku chache za mwanzo nyusi huonekana nyeusi mno. Kisha vigaga vyembamba hujitokeza na kudondoka, kwa kawaida ndani ya wiki mbili, na rangi iliyo chini yake huonekana kama imetoweka. Hurudi taratibu kadiri ngozi mpya inavyokomaa, na marekebisho hufanywa baada ya wiki nne hadi nane. Anayebandua vigaga kwa kucha huondoa rangi pamoja navyo na huweza kuacha kovu. Kuogelea, jasho jingi, jua kali na vipodozi huepukwa mpaka ngozi ifunge.

Mwaka 2018 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walieleza kwa majaribio ya panya namna rangi inavyodumu. Seli za kinga zinazoitwa makrofaji humeza chembe za rangi. Zinapokufa huziachia, na makrofaji wapya huzimeza tena palepale. Hivyo kinga ileile inayolinda kidonda ndiyo inayohifadhi mchoro.

Hatari nazo zimejulikana vizuri zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2011, watu 19 katika jimbo la New York waliambukizwa bakteria kwenye ngozi kutokana na wino uliochafuka kabla ya kufika kwa mchoraji. Sindano mpya pekee haikuweza kuwakinga. Keloidi, yaani kovu linalokua kupita mipaka ya jeraha, huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo mchoraji makini humuuliza mteja kuhusu makovu yake ya zamani kabla ya kugusa sindano. Maumivu yanayozidi, usaha, uvimbe unaosambaa au homa ni dalili za kumwona daktari mara moja. Wajibu umegawanyika: mchoraji huhakikisha kwamba sindano, rangi na mikono ni salama na humweleza mteja ukweli wote, naye mteja hunawa mikono, hufuata maagizo na kuipa ngozi muda wake wa kupona.