Vita vya Ng'ombe: Onyo Lililosikiwa Lisizingatiwe, Kiembe Samaki, 1951

Mambo yaliyotukia Unguja tarehe 30 Julai 1951 yana majina mawili. Serikali ya Kiingereza iliyaandika kuwa ni fujo za raia. Wenyeji waliyaita Vita vya Ng'ombe, na jina hilo ndilo lililodumu. Tofauti hiyo si ndogo. Fujo huzuka ghafula, wala hapana wa kulaumiwa kwa kutozitazamia. Lakini vita hutanguliwa na ugomvi, na ugomvi huonekana.

Na huu ulionekana. Watu wa Kiembe Samaki, shamba lililo jirani na mji, walikuwa wametwaliwa ardhi kwa ajili ya kiwanja cha ndege. Kisha ikaja amri ya kuchanja ng'ombe kwa hofu ya kimeta. Wafugaji walikumbuka ng'ombe waliokufa zamani baada ya kuogeshwa dawa, wakakataa. Nao walikataa hadharani. Watu 19 walishitakiwa. Siku ya hukumu umati ulifika mahakamani, ukalizuia gari lililowachukua wafungwa, ukawatoa baadhi yao, kisha ukaielekea jela yenyewe. Polisi wakapiga risasi, na watu wakafa.

Aghalabu serikali hujitetea kwamba onyo lilikuwa la fumbo. Utetezi huo una uzito mahali pengine. Baada ya balozi za Marekani kulipuliwa Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, tume za Admirali Crowe zilisema kuwa hapakupatikana habari mahsusi ya shambulio lile, ijapokuwa Balozi Prudence Bushnell alikuwa amekwisha kuomba jengo lililo salama zaidi. Kiembe Samaki hapakuwa na fumbo. Palikuwa na masheha, na juu yao mamudiri, na mashtaka yenyewe yalikuwa ni habari iliyoandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuiunganisha: idara ya mifugo iliona maradhi, mahakama iliona kosa, na hapana aliyeamriwa kuona kwamba ardhi, ng'ombe na hasira ni jambo moja.

Wakulima hao hao wakaunda chama cha raia wa Sultani, ambacho mwaka 1955 kikawa Hizbu, yaani ZNP. Jambo la kustaajabisha ni kwamba chama hicho, kilipokuwa nguzo ya serikali, nacho hakikusoma dalili zilizokuwa wazi. Katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Askari polisi wengi wenye asili ya bara wakaachishwa kazi, nao ndio waliozijua kambi na maghala yake. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba. Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 silaha za Ziwani na Mtoni zikatwaliwa.