Likizo na livu

Desemba, shule zikifungwa, watoto wengi wa Nachingwea na Ruangwa huingia mashambani kuokota korosho za mwisho. Hiyo ndiyo likizo yao.

Neno lenyewe halikuvuka bahari. Latokana na kulikiza, yaani kumpa mtu nafasi aache kazi kwa muda. Na kamusi zina maana nyingine, kumwachisha mtoto ziwa. Basi aendaye likizo ameachishwa ziwa la mwajiri, ila huyu baada ya siku 28, zile za sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004, hurudi kunyonya!

Wafaransa husema vacances, kutoka Kilatini vacare, kuwa tupu. Holiday ya Waingereza ilikuwa siku takatifu. Wajerumani, waliowahi kututawala, wana Urlaub, ambayo asili yake ni ruhusa. Na “livu” yetu ya maofisini? Ni leave ya Kiingereza, ruhusa vilevile, ndugu wa damu wa Urlaub. Kwa hiyo karani anayesema “bosi yuko livu” anasema bosi kapewa ruhusa. Mwenye mikorosho aombe kwa nani?