Stima Ikiyumba, Mitambo ya Upepo Hushikilia Aje?

Unakumbuka Agosti 25, 2023? Ijumaa usiku, stima ikapotea karibu Kenya nzima, hadi JKIA ikawa giza. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana ilikuwa inatoa megawati kama 270, ikachomoka kwa gridi. Watu wa stima wakasema shida ilianzia hapo. Wenye mitambo nao wakasema volti ya gridi ndo ilipanda kupita kiasi, mitambo ikajizima isiungue.

Kujizima si ufala. Kitambo, upepo ukiwa kidogo kwa gridi, mitambo ilitakiwa itoke mapema stima ikisumbua. Saa hii ni noma: megawati mingi zikichomoka mara moja, zilizobaki zinalemewa na wengine wanafuata.

Cheki vile inaenda. Radi ikipiga laini, volti inaanguka eneo lote hadi swichi za kinga zikate laini mbovu, sehemu ya kumi ya sekunde hivi. Muda huo upepo bado unasukuma mapanga, lakini nguvu haina pa kuenda. So mtambo unageuza mapanga yasishike upepo sana, na nguvu ya ziada inachomwa kama joto kwa rezista. Gridi kubwa ya Ujerumani inadai mtambo ushikilie milisekunde 150 hata volti ikiwa sufuri. Ukipepesa jicho, imepita.

Shida ni makosa yakifuatana. Septemba 28, 2016, dhoruba iliangusha milingoti ya stima South Australia, volti ikaanguka mara sita ndani ya dakika mbili. Mitambo ilivumilia za kwanza poa. Kumbe ndani ya programu kulikuwa na hesabu: makosa yakizidi idadi fulani, toka. Wasimamizi wa gridi hawakuwa wanajua! Megawati 456 zikapotea ndani ya sekunde chache, laini ya kutoka Victoria ikalemewa ikakatika, na wateja kama 850,000 wakabaki giza. Baadaye hiyo hesabu ilibadilishwa, na mitambo ikashikilia zaidi. Kumbuka, hakuna chuma kilinunuliwa, ni namba tu kwa programu.

Turkana ni tofauti kidogo. Laini yake hadi Suswa ni zaidi ya kilomita 400, na laini ndefu ikibeba mzigo mdogo hupandisha volti yenyewe. Kwa hivyo huko kushikilia ni pande mbili: volti ikianguka, na pia ikiruka juu.