Barabara za Nakuru na Sifa ya Waitaliano

Barabara inayoteremka kutoka Rironi hadi Mai Mahiu, kwenye ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, ni moja ya milango ya kuingilia Nakuru. Vitabu vya watalii huandika kwa mkato kwamba ilijengwa na Waitaliano, na hapo historia ya barabara za eneo zima huwa imekwisha. Kauli hiyo ni ya kweli kwa kilomita chache tu.

Njia za kushukia bonde hilo zilikuwepo kabla ya lami. Misafara ya biashara kutoka pwani ilikuwa ikipita huko kuelekea Naivasha na Ziwa Viktoria. Novemba 1895 msafara wa wapagazi Waswahili na Wakikuyu, ukirudi kutoka Eldama Ravine, ulishambuliwa na Wamaasai katika bonde la Kedong, chini ya ukingo huo. Zaidi ya watu 500 waliuawa. Andrew Dick, mfanyabiashara Mskoti, alikwenda kulipiza kisasi, naye akauawa. Uchunguzi wa serikali uliona kwamba msafara wenyewe ndio uliochokoza, na Wamaasai hawakuadhibiwa kwa vita. Wapagazi hao hawatajwi katika masimulizi ya wajenzi wa barabara, ingawa miguu yao ndiyo iliyothibitisha mahali panapopitika.

Wakati huohuo Kapteni Sclater, mwanajeshi wa Uingereza, alikuwa akifungua barabara ya mikokoteni kutoka Kibwezi hadi Ziwa Viktoria, kupitia Naivasha na Ravine. Alifariki mwaka 1897. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, mizigo ikahamia relini, na barabara yake ikapoteza umuhimu.

Mtandao wa barabara za wilaya ulipata umbo lake kwa walowezi. Sheria ya 1928, iliyofuata ripoti ya Tume ya Feetham kuhusu serikali za mitaa, iliunda halmashauri za wilaya katika maeneo ya Wazungu, zikiwemo Nakuru na Naivasha, na barabara zikawa kazi yao kuu. Mlowezi wa Molo, Njoro, Solai au Subukia alitaka kitu kimoja: mazao yake yafike stesheni kabla mvua haijaharibu njia. Ndiyo maana barabara nyingi za zamani huko hufuata mipaka ya mashamba na kuelekea relini. Wafanyakazi Waafrika walioishi katika mashamba hayo hawakuwa na sauti katika halmashauri hizo. Katika hifadhi za Waafrika kulikuwa na mabaraza ya wenyeji yenye fedha chache. Mwandishi anayeeleza kwa nini eneo moja lina barabara za kila upande na jingine lina njia moja tu, kisha akataja milima peke yake, hajaeleza kitu. Molo, eneo la walowezi, pia ni mlimani.

Ndipo wakaja mateka wa Vita vya Pili vya Dunia. Maelfu ya Waitaliano waliotekwa katika mapigano huko Ethiopia na Somalia waliletwa Kenya, na mwaka 1942 walikuwa kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Walichonga upande wa mlima na kuweka lami mahali ambapo mawe huweza kuporomoka wakati wa mvua. Kazi yao ni bora, na kikanisa kidogo cha mawe walichojenga kando ya barabara bado kinavuta wapita njia. Lakini magari yalikuwa yakifika Nakuru kutoka Nairobi tangu miaka ya 1920. Waitaliano waliboresha mlango. Nyumba ilikwisha kujengwa.

Baada ya uhuru mashamba mengi yaligawanywa, na njia zilizotosha lori la mlowezi mmoja zikatakiwa kuhudumia vijiji. Mpango wa barabara za vijijini wa 1974 ulitumia jembe na vibarua badala ya greda. Tozo ya mafuta ya kutunza barabara ilianza 1993. Sheria ya 2007 iliunda mamlaka tatu za barabara, na tangu 2013 njia nyingi ndogo ziko mikononi mwa kaunti. Lakini hatari hazikuondoka: Januari 2009 moto wa lori la mafuta huko Sachangwan, karibu na Molo, uliua zaidi ya watu 100. Aprili 2024 maji yaliyozuiliwa na tuta la reli ya zamani karibu na Kijabe yalilibomoa usiku na kuua makumi ya watu Mai Mahiu. Mwishoni mwa 2025 ilizinduliwa kazi ya kupanua barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit. Mpango huo unahusisha pia mteremko wa Mai Mahiu hadi Naivasha.