Ekzosi ya pikapu ya dizeli: kutoka bisibisi hadi programu

Mmezoea kunisoma nikiongea habari za tarakilishi na programu, kwa hivyo huenda mkashangaa leo nikiwaletea bomba la moshi. Subirini kidogo. Kisa hiki kinaanza na vyuma na grisi lakini kinaishia kwenye programu, na ni programu zilizogharimu watu mabilioni ya dola.

Tuanze na bomba lenyewe. Mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel alifaulu kuonyesha injini yake ikifanya kazi sawasawa mwaka 1897 mjini Augsburg. Injini hiyo haina plagi za kuwasha moto kama ile ya petroli. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa na kuwaka yenyewe. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi akaandikisha hataza ya wazo ambalo leo tunaliita turbo: moshi unaotoka kwa kasi unazungusha gurudumu dogo lenye mapanga, nalo gurudumu linasukuma hewa zaidi kuingia kwenye silinda. Hewa ikiongezeka, unaweza kuchoma dizeli zaidi, na nguvu zinapanda.

Hapo ndipo bomba la moshi lilipopata kazi mpya. Moshi ukikutana na kizuizi baada ya turbo, turbo inazunguka kwa uzito. Ukipanua njia, injini inapumua. Kila fundi anayebadilisha ekzosi ya pikapu anaanzia hapa.

Enzi ya bisibisi

Twende Marekani, kwani pikapu kubwa za dizeli ziliota mizizi huko. Dodge Ram ya modeli ya 1989 ilikuja na injini ya Cummins ya lita 5.9, silinda 6, yenye turbo. Nguvu zake zilikuwa za farasi 160 tu, lakini ilivuta mzigo kama trekta, na wakulima na wenye matrela waliipenda sana.

Pampu yake ya dizeli ilikuwa ya vyuma vitupu, haina hata waya mmoja wa kufikiri. Ukitaka nguvu zaidi ulichukua bisibisi ukazungusha skrubu. Kwenye pampu za modeli za 1994 hadi 1998, mafundi waliondoa kibati kidogo kilichozuia kiasi cha dizeli, wakakipiga tupa, wakakirudisha. Kisha walifunga bomba la inchi 4 au 5 ili moshi upite bila kubanwa. Kazi ya Jumamosi moja!

Walipozidisha, moshi mweusi ulitoka kama wa tanuri la makaa. Moshi huo, msomaji, ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha kuungua. Ni pesa zako mwenyewe zinazopeperuka zikiwa masizi.

Tarakilishi yaingia chini ya boneti

Mwaka 1994 Ford walileta injini ya Power Stroke ya lita 7.3 ambayo nozeli zake ziliamrishwa na tarakilishi. Cummins za pikapu zilipata pampu ya kielektroniki mwaka 1998, na Duramax ya General Motors ikafika 2001 ikiwa na tarakilishi tangu mwanzo. Sasa kiasi cha dizeli, na wakati wa kuinyunyiza, viliandikwa kwenye majedwali ya namba ndani ya kumbukumbu.

Mafundi hawakukata tamaa. Walijifunza kusoma faili hilo kupitia soketi iliyo chini ya dashibodi, wakatafuta jedwali la dizeli, wakabadilisha namba, wakasahihisha hesabu ya uhakiki ili tarakilishi isigundue, kisha wakaliandika upya. Anayeandika programu atatambua mara moja kwamba hii ni kazi yetu ileile, tofauti ni harufu ya dizeli tu.

Lakini je, ni nani aliyeanza kutumia programu hizo kwa hila? Wengi watasema ni vijana wa gereji. Sivyo. Oktoba 1998 serikali ya Marekani ilitangaza makubaliano na watengenezaji 7 wa injini za malori, wakiwemo Caterpillar, Cummins, Volvo na Mack. Ilidaiwa kwamba injini zao zipatazo milioni 1.3 zilitii kiwango zikiwa kwenye kipimo, lakini zikifika barabara kuu zilibadilisha wakati wa kunyunyiza dizeli ili kuokoa mafuta. Faini ilikuwa dola milioni 83.4, mbali na gharama nyingine nyingi.

Kwa nini walifanya hivyo? Dizeli ina ugumu wake wa kimaumbile. Ukiichoma kwa joto kali, unaokoa mafuta na kupunguza masizi, lakini unazalisha oksidi za nitrojeni zinazoumiza mapafu. Ukipunguza joto, oksidi zinashuka na masizi yanapanda. Ukibana huku, kunavimba kule.

Chujio

Mwaka 2001 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilipitisha kanuni za kubana pande zote mbili. Salfa kwenye dizeli ilitakiwa ishuke kutoka sehemu 500 kwa milioni hadi 15 kuanzia 2006, kwa sababu salfa huharibu vifaa vya kusafisha moshi. Kisha pikapu za modeli za 2007 na 2008 zikaanza kuja na chujio la masizi katikati ya bomba. Kuanzia modeli za 2011 Ford na General Motors waliongeza tangi la maji ya yurea ya kuua oksidi za nitrojeni.

Chujio ni kigae chenye vijitundu kama sega la nyuki. Masizi yananasa humo, na vitambuzi vinapima mgandamizo kabla na baada yake. Likijaa, tarakilishi inaongeza dizeli ili joto la bombani lifike karibu nyuzi 600 na masizi yateketee. Mpango mzuri, ila una kasoro. Gari linalofanya safari fupifupi za mjini halipati nafasi ya kumaliza kujisafisha. Chujio linaziba, taa zinawaka, nguvu zinakatwa, na kulibadilisha ni maelfu ya dola. Mkulima aliyekwama na trela la ng'ombe ana haki ya kukasirika.

Basi biashara ikazaliwa: kata chujio, funga bomba tupu. Lakini bomba tupu peke yake halitoshi, maana vitambuzi vitalalamika na injini itajifunga. Ni lazima uiambie tarakilishi kwamba chujio halijawahi kuwepo. Kwa hiyo mageuzi ya ekzosi yakawa nusu ya kuchomelea na nusu ya kuandika programu. Wengine waligeuza moshi kuwa mchezo wa kuwafukizia wapita njia na waendesha baiskeli, mpaka jimbo la New Jersey likaupiga marufuku mwaka 2015.

Novemba 2020 EPA ilitoa hesabu yake: pikapu zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa vifaa hivyo katika muda wa miaka kumi hivi. Zilikadiriwa kumwaga zaidi ya tani 570,000 za ziada za oksidi za nitrojeni, sawa na kuongeza pikapu milioni 9 barabarani. Na kumbuka kwamba mwaka 2012 idara ya saratani ya Shirika la Afya Duniani ilikuwa imetangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani.

Wakubwa warudia

Septemba 2015 Volkswagen ikafumaniwa. Programu yake iliangalia usukani, mwendo, muda wa safari na mgandamizo wa hewa ili kubaini kama gari liko kwenye kipimo. Kama liko, moshi unasafishwa. Kama haliko, oksidi za nitrojeni hupanda hadi mara 40 ya kiwango. Magari takriban milioni 11 duniani yalibeba programu hiyo. Desemba 2023 ikawa zamu ya pikapu: Cummins ilikubali kulipa faini ya dola bilioni 1.675 kwa madai kuhusu injini za Ram za 2013 hadi 2023, bila kukiri kosa.

Sasa hapa ndipo pananikuna kichwa. Je, programu iliyo ndani ya gari langu ni mali ya nani? Oktoba 2015, mwezi mmoja tu baada ya kashfa ya Volkswagen, Marekani iliruhusu wenye magari kufungua programu hizo kwa ajili ya matengenezo na mabadiliko halali. EPA yenyewe ilikuwa imepinga, ikihofia vijana wa gereji. Mimi naona uamuzi ulikuwa sahihi. Programu iliyofungwa ndiyo iliyoficha uongo wa wakubwa, na aliyeufichua hakuona hata mstari mmoja: watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walifunga vipimo kwenye gari na kuliendesha barabarani.

Lakini kumiliki gari si kumiliki hewa. Kenya na majirani wake walianza kutumia dizeli ya salfa sehemu 50 kwa milioni Januari 2015, na magari yaliyotumika kutoka Japani yanatufikia yakiwa na machujio yaleyale. Safari za mjini ni fupi, foleni ni ndefu, na fundi wa kukata chujio hakosi. Kabla hujamlipa, uliza kwanza kama linaweza kuoshwa au kuchomwa masizi, na kwa nini lilijaa. Mara nyingi nozeli inayovuja au turbo inayotoa oili ndiyo chanzo, na ukikata chujio ugonjwa unabaki palepale, ila sasa anayeuvuta ni mtoto wa jirani.

Na ninyi wenzangu mnaoandika programu, siku mkubwa wenu atakapowaomba sharti dogo la "kama gari liko kwenye kipimo", ulizeni litafanya nini likiwa barabarani.

Tukutane tena, Mungu akipenda.