Msimamizi wa bidhaa: ni kazi gani, na M-Pesa inatufundisha nini

Katika makampuni ya telefone, katika banki, hata katika vikundi vya vijana wanaotengeneza programu huku Goma, Bukavu na Bunia, kuko kazi moja ambayo wakaaji wengi hawaijui kwa jina. Kwa Kifaransa wanasema chef de produit. Kwa Kiswahili tuseme msimamizi wa bidhaa. Huyu si fundi wa kuandika programu, si muuzaji, wala si mkubwa wa kampuni. Kazi yake ni kuamua kitu gani kitengenezwe, kwa ajili ya nani, nini kianze na nini kiachwe, kisha kufuata kama kitu kile kinasaidia watu kweli. Kikishindwa, yeye njo wa kwanza kuulizwa, hata kama hana amri juu ya fundi hata mmoja.

Mfano ambao kila mtu huku anaushika mkononi ni M-Pesa. Wengi wanafikiri ilitengenezwa tangu mwanzo kwa kutumiana feza. Hapana. Nick Hughes na Susie Lonie, wafanyakazi wa Vodafone ya Uingereza, walianza na wazo lingine: mtu aliyekopa katika shirika la mikopo midogo aweze kulipa deni lake kwa telefone. Serikali ya Uingereza ilitoa karibu pauni milioni 1, na kampuni ikaongeza mchango wake. Mwezi wa 10 mwaka 2005 majaribio yakaanza Kenya, pamoja na Safaricom na shirika la mikopo la Faulu. Wateja hawakufika hata 500, na maduka ya kuweka na kutoa feza yalikuwa 8 tu.

Utamu wa hadithi uko hapa. Wateja wale walilipa mikopo, ndiyo, lakini walifanya na mambo ambayo hakuna aliyewaambia wafanye. Wengine walilipana wao kwa wao katika biashara. Wengine waliweka feza jioni, wakati banki zimekwisha kufunga, ili zilale salama. Mtu mwenye safari aliweka feza upande mmoja, akasafiri mifuko mitupu, akazitoa alipofika. Kuko hata walionunua uniti kwa M-Pesa wakazituma kwa ndugu zao kijijini, kama vile ni feza.

Upande wa mikopo, mambo yalikuwa magumu. Kulinganisha hesabu za shirika na hesabu za telefone kulikula muda mwingi. Zaidi ya hapo, watu walianza kukosa mikutano ya kikundi, ju walikuwa wamekwisha kulipa kwa telefone. Mama yeyote wa AVEC anajua hatari yake: kikundi kisipokutana, nani atamsimamia nani?

Msimamizi mwenye kichwa kigumu angesema wateja wanatumia vibaya. Hawa waliangalia, wakaacha wazo la kwanza. Mwezi wa 3 mwaka 2007 M-Pesa ilipofunguliwa kwa watu wote Kenya, tangazo lilikuwa na jambo moja tu: tuma pesa nyumbani. Kabla mwaka ule haujaisha, wateja walikuwa wamepita milioni 1. Kwangu mimi, kuacha kitu ulichokipigania na ulichokipewa feza za watu ni kazi nzito kuliko kukianzisha, na hakuna diplome inayoifundisha.

Angalia pia mambo madogo waliyochagua. Huduma iliwekwa ndani ya sim, ili hata telefone ndogo ya bei ya chini iweze kuitumia bila intaneti. Kuweka feza kulikuwa bure, lakini mwenye duka alipata kamisho yake, ju bila yeye hakuna kitu. Mtumaji na mpokeaji wote wawili walipata ujumbe, kusudi pasiwe ubishi.

Lakini bidhaa haivuki mpaka vile ilivyo. Tanzania ilipokea M-Pesa mwaka 2008, na mwanzo ulikuwa wa polepole. Afrika Kusini iliipokea mwaka 2010, ikafungwa mwaka 2016. Kule watu wengi walikuwa tayari na konti za banki, hawakuona inawaongezea nini. Kwetu Vodacom iliileta mwaka 2012, na ilibidi mtu aweze kuweka feza za aina mbili, dola na franga, ju soko letu njo linaishi hivyo. Aliyeleta huku mpango wa Nairobi bila kuugusa angeshindwa mapema.

Na tangu banki zilipofungwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, kila mkaaji ameona jambo lingine: feza zinaweza kuwa ndani ya telefone, na bado mtu akalala njaa kama mwenye kabine hana makaratasi ya kumpa, ao anaomba asilimia kubwa. Programu inatembea, bidhaa imesimama. Msimamizi anayehesabu tu watu wangapi walifungua konti hataona hilo. Anapaswa kuhesabu wangapi walifika kwenye kabine na wakarudi mikono mitupu.

Kijana anayetaka kazi hii asingoje masomo ya Ulaya. Hesabu za Excel zinahitajika, na Kifaransa cha kuandika ripoti fupi, pia uvumilivu wa kuongea na mafundi bila kuwaamuru. Kusikiliza wateja ni vizuri, lakini ukimuuliza mama muuzaji kama anapenda programu yako atasema ndiyo, kwa heshima tu. Umuulize badala yake mara ya mwisho alilipaje wa samaki, alipoteza nini, nani alimsaidia. Kisha kaa siku moja kwenye kabine, kwa ruhusa ya mwenyewe. Usiandike majina wala namba za watu. Andika saa, mtu alikuja kutafuta nini, alikwama wapi, na alifanya nini alipokosa.