Ushahidi wa Daktari Wertham: Sura Moja katika Historia ya Uhakiki wa Katuni

Shutuma kwamba maandishi pendwa huwapotosha vijana si ngeni kwa wahakiki wa Afrika Mashariki. Ilisikika sana katika miaka ya 1970, na mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vya David Maillu, mwandishi wa Kenya. Shutuma hiyo ina ukoo mrefu, na mojawapo ya matawi yake yaliyoacha nyaraka nyingi limo Marekani, katika vita vilivyopiganwa dhidi ya vitabu vya katuni baada ya Vita Kuu ya Pili. Kiongozi wa vita hivyo, Daktari Fredric Wertham, aghalabu hutajwa kwa kejeli tu. Kejeli hiyo haitoshi, maana mtu huyo alisema kweli kubwa na uongo mkubwa ndani ya kitabu kimoja.

Wertham alizaliwa Munich mwaka 1895, akahamia Marekani mwaka 1922, akawa bingwa wa magonjwa ya akili. Mwaka 1946 alishiriki kuanzisha kliniki ya Lafargue katika chumba cha chini cha kanisa mtaani Harlem, New York, ambako watu weusi waliokuwa wakifukuzwa kwingineko walitibiwa kwa ada ya senti 25 tu. Mwandishi Richard Wright alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono. Watoto walioletwa pale, wengi wao wakiwa wameshaingia matatani na polisi au na walimu, walikuwa wakisoma katuni, na daktari aliandika waliyomweleza.

Katika kurasa hizo Wertham aliona jambo ambalo wahakiki wengi wa wakati wake hawakulijali. Vitabu vya mwituni, ambavyo Sheena, malkia mzungu, alikuwa nyota wao, viliichora Afrika kama pori lisilo na miji wala historia, na watu wake kama washenzi wa kutishwa au kuokolewa. Wertham alisema waziwazi kwamba katuni hizo ziliwafundisha watoto kuwagawa binadamu kwa rangi ya ngozi. Kwa msomaji wa Kiafrika hapa hapana la kubishana naye. Ilimchukua mhakiki mwingine miaka mingi kulisema hilo kwa ukali kama wake.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1951 daktari huyohuyo alitoa ushahidi katika mahakama ya jimbo la Delaware, akieleza jinsi shule zilizotenganishwa kwa rangi zilivyowadhuru watoto. Kesi hiyo iliunganishwa baadaye na nyingine nne, na tarehe 17 Mei, 1954 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikatamka kwamba utengano huo ulikiuka katiba.

Majira yaleyale ya mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, *Seduction of the Innocent*. Humo hakuishia kusema kwamba picha fulani ni mbaya. Alidai kwamba katuni huchangia kuwafanya watoto wahalifu. Hoja ya kwanza ilihitaji jicho la mhakiki, ya pili ilihitaji ulinganisho, nao haukuwepo. Watoto wa Marekani karibu wote walisoma katuni wakati huo, wezi na wasio wezi. Kuwahoji walio kliniki pekee hakungeweza kuonyesha lililowapeleka huko.

Hata hivyo hofu ilikuwa imeshaenea. Tangu mwaka 1948 kulikuwa na miji ambako katuni zilichomwa moto hadharani. Tarehe 21 Aprili, 1954 kamati ndogo ya Seneti iliketi New York, na siku hiyo hiyo walihojiwa Wertham na William Gaines, mchapishaji wa kampuni ya EC iliyosifika kwa hadithi za kutisha. Seneta Estes Kefauver alinyanyua jalada lenye picha ya mtu mwenye shoka na kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akauliza kama hilo linapendeza. Gaines alijibu kwamba kwa kitabu cha kutisha linafaa, na jibu hilo likamharibia. Serikali haikutunga sheria. Wachapishaji wenyewe, kwa woga wa soko, waliunda Kanuni ya Katuni mwezi Oktoba, na kitabu kisicho na nembo yake kikakosa wauzaji.

Kilichofuata ni kinaya kikubwa. Mwaka 1953 EC ilikuwa imechapa hadithi ya Al Feldstein na Joe Orlando kuhusu mwanaanga anayekagua sayari ya mashine zinazobaguana kwa rangi. Katika picha ya mwisho anavua kofia yake, na kumbe ni mtu mweusi. Ilipotaka kuirudia mwaka 1956, msimamizi wa Kanuni, Jaji Charles Murphy, alipinga mwanaanga kuwa mweusi. Gaines alitishia kulifikisha suala hilo kwa umma, hadithi ikatoka kama ilivyo, naye akaacha kuchapa vitabu vya katuni. Kilichobaki mkononi mwake ni *Mad*, ambalo tangu mwaka 1955 lilikuwa jarida, hivyo likawa nje ya Kanuni, likaendelea kuyadhihaki matangazo, sinema na televisheni kwa kizazi kizima. Ubaguzi ule alioukemea Wertham ndio uliotetewa na chombo kilichozaliwa na kelele zake.

Palikuwa na njia nyingine ya kuhakiki. Robert Warshow, aliyekwisha kuandika juu ya sinema za majambazi, alichapa mwezi Juni 1954 makala kuhusu mwanawe Paul, mwanachama wa klabu ya mashabiki wa EC. Warshow hakuzipenda katuni hizo, wala hakujifanya kuzipenda. Lakini alimtazama mtoto akisoma, akakiri kwamba hakuona dalili ya madhara.

Nyaraka za Wertham zilifunguliwa kwa watafiti katika Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2010. Carol Tilley wa Chuo Kikuu cha Illinois alizilinganisha na kitabu, na mwaka 2012 akaonyesha kwamba daktari alibadili umri wa watoto, akakata na kuunganisha kauli zao. Vijana wawili waliozungumzia Batman waligeuzwa kuwa mmoja, na maneno yao kwamba Tarzan aliwavutia zaidi yakaachwa. Mwaka mmoja tu kabla, 2011, kampuni za mwisho zilikuwa zimeitupa nembo ya Kanuni.

Tilley alisoma pia barua ambazo watoto waliiandikia kamati ya Seneti mwaka 1954 kuzitetea katuni zao. Barua hizo zilipokewa, zikawekwa kwenye majalada, wala hazikuizuia Kanuni.